Nafaqa ya Mtoto Hukoma Lini?

 

Ndugu msomaji, hapa Isiolo wazazi waliotalikiana huulizana: kijana amekwisha kubaleghe, au amepata kitambulisho; je, baba ameondokewa na wajibu? Wengi hujibu kwa kuhesabu miaka. Wanavyuoni waliangalia kwanza uwezo wa mtoto.

Aya ya 233 ya Sura Al-Baqara inamwajibisha baba chakula na mavazi ya mama anyonyeshaye, kwa wema. Naye Hind bint Utba alipomshtakia Mtume (S.A.W.) ubahili wa mumewe, Abu Sufyan, aliruhusiwa kuchukua katika mali yake kiasi cha kumtosha yeye na wanawe. Haki hii ni ya mtoto. Talaka haiiondoi, wala mama kuolewa na mume mwingine.

Katika madhehebu ya Imam Shafi, baba humlisha mwana asiye na mali wala uwezo wa kuchuma, kwa udogo, wazimu au maradhi ya kudumu. Akibaleghe, kwa dalili zake au kwa kutimiza miaka 15 ya mwezi mwandamo, naye ni mzima awezaye kazi, wajibu huondoka. Asiyejiweza hubaki juu ya baba hata afikapo miaka 40.

Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 yasema mtoto ni aliye chini ya miaka 18. Kwa hiyo aliyebaleghe naye yumo shule ya upili bado yuko chini ya ulinzi wa sheria ya nchi. Hata baada ya miaka 18, mahakama yaweza kuurefusha wajibu kwa sababu maalumu, kama vile ulemavu au masomo yasiyokwisha. Ombi hilo laweza kupelekwa na mzazi, jamaa, au mtoto mwenyewe.

Mama naye atambue: kwa wanavyuoni wa Kishafi, nafaqa ya mtoto iliyopita haigeuki deni, ila kadhi awe amekwisha kuikadiria. Nafaqa ya mke ndiyo ibakiayo deni. Basi anayenyamaza kwa haya huenda akaikosa ya nyuma. Asingoje, amwendee kadhi kwa usuluhishi, au afisa wa watoto, au mahakama ya watoto.

Nawe baba, kijana wako akitimiza miaka 18 ilhali yumo kidato cha nne, usimkatie karo kwa hoja ya kitambulisho. Elimu hiyo ndiyo itakayomwezesha kuchuma, na kuchuma kwake ndiko kutakakokutua mzigo. Ukame ukikumalizia mifugo, sema mapema ili kiasi kipunguzwe, kwani aya ya 7 ya Sura At-Talaq imemtaka kila mtu atoe kwa kadiri ya wasaa wake. Mwenye dhiki hupunguziwa. Mwenye kukimbia ataulizwa.