Bunduki Zilizokubaliana Vipande

Dola ya Marekani ilipokuwa changa, askari wake walipigana kwa bunduki za gumegume. Askari alimimina baruti mdomoni mwa kasiba, akashindilia risasi kwa mdeki, kisha akatia baruti kidogo katika kisahani kilichokuwa ubavuni. Alipofyatua, jiwe la gumegume liligonga chuma, cheche zikaiwasha baruti, na risasi ikatoka.

Silaha hiyo ilikuwa na udhaifu mmoja mkubwa. Hata katika karakana ya serikali ya Springfield, iliyoanza kuunda bunduki mwaka 1795, fundi alisugua kila kipande kwa tupa na kukadiria kwa jicho, hata zisipatikane bunduki mbili zilizo sawasawa. Kamani ikikatika, askari hakuweza kutwaa kamani ya bunduki nyingine, kwani haikuingia. Silaha nzima ililala mpaka fundi apatikane, na vitani fundi si mtu wa karibu.

Thomas Jefferson, alipokuwa balozi Ufaransa mwaka 1785, alimwona fundi Honoré Blanc aliyeunda mitambo ya bunduki kwa vipimo vilivyo sawa. Jefferson mwenyewe aliokota vipande bila kuchagua, akaunga mitambo kadhaa, nayo ikakaa barabara. Akaandika habari hiyo kwao.

Mwaka 1798 Marekani ilihofia vita na Ufaransa. Eli Whitney, aliyesifika kwa mashine yake ya kuchambulia pamba, akaahidi kuipa serikali bunduki 10,000 katika muda wa miaka miwili. Mwaka 1801 aliwaonyesha wakuu wa serikali huko Washington jinsi mitambo yake ilivyoweza kuhamishwa kutoka bunduki moja hadi nyingine, wakastaajabu. Lakini bunduki za mwisho hazikutolewa ila mwaka 1809, na wataalamu waliochunguza zile zilizosalia wameona kwamba vipande vyake havikubaliani. Sifa alizopewa zilizidi kazi yake. Vita na Uingereza vya mwaka 1812 mpaka 1815 vilipiganwa kwa bunduki zenye udhaifu ule ule.

Aliyefaulu ni John Hall, ambaye jina lake halijulikani sana. Mwaka 1819 alipewa kazi katika karakana ya serikali ya Harpers Ferry, aunde bunduki iliyojazwa kwa nyuma, wala si mdomoni. Alitumia mashine, na kila kipande kilipimwa kwa vipimo maalumu. Wakaguzi walioteuliwa mwaka 1826 walizifungua bunduki zake, wakachanganya vipande, wakaziunga upya, nazo zikakubali. Kufika mwaka 1834, bunduki za namna hiyo zilizoundwa na Simeon North katika Connecticut ziliweza kubadilishana vipande na zile za Harpers Ferry.