Vyuma vya Meno, Miezi ya Mwanzo

Binti yangu amefungwa vyuma vya meno Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa Mpanda, na majirani huniuliza kama vinauma. Vinauma, hasa siku chache za kwanza. Siku hizo mpe mtoto uji na wali laini. Daktari alibandika kidude kwenye kila jino kwa gundi maalumu, akapitisha waya mwembamba wa nikeli na titani. Waya huo ukipindishwa hutaka kurudi katika umbo lake, na katika kurudi huko huvuta jino taratibu. Upande jino linakoelekea, mfupa huyeyuka. Linakotoka, hujengeka mwingine. Ndiyo maana mvuto wa mwanzo huwa mdogo: ukizidi, mzizi wa jino unaweza kuliwa. Waya mgumu huja baadaye, meno yakishajipanga.

Kwetu shida kubwa ni umbali. Ukaguzi ni kila baada ya wiki 4 hadi 8, na treni ya kupitia Kaliua na Tabora ni safari ndefu kwa mtoto wa shule. Kwa hiyo miwa, karanga na mahindi ya kuchoma nimempiga marufuku kabisa, maana kidude kikibanduka, jino husimama lilipo mpaka tufike tena kwa daktari.