Kuimarisha Boriti ya Chuma: Mshono Unafanya Kazi Wapi?



Tumekuwa tukipokea maombi ya kuimarisha boriti za chuma zilizopinda. Njia ya kawaida ni kuchomelea bamba juu na chini ya boriti. Katika ghala moja la korosho huko Naliendele tulikuta kazi ya namna hiyo: katikati mshono mzuri, lakini kuelekea nguzo ni nukta chache tu. Fundi alitueleza kwamba boriti hupinda katikati. Ni kweli, ila mshono hulemewa zaidi karibu na nguzo.

Jaribuni wenyewe. Pandanisheni mbao mbili juu ya mawe mawili, chorani mistari ya chaki ubavuni, kisha pangeni matofali juu yake. Mstari wa katikati hautakatika. Ya mwishoni itakatika, maana mbao zimeteleza. Kazi ya mshono ni kuzuia mtelezo huo.

Mhandisi Mrusi Dmitrii Zhuravskii alipata hesabu yake katika karne ya 19, alipokuwa akijenga madaraja ya mbao ya reli. Chukua nguvu ya kukata mahali hapo. Zidisha kwa eneo la bamba, kisha kwa umbali wake kutoka katikati ya kimo cha boriti. Gawanya kwa kipimo cha ukinzani wa boriti nzima dhidi ya kupinda.

Mfano: boriti ya kimo cha milimita 200 yenye mabamba mawili ya milimita 80 kwa 10, imebeba magunia 100 ya kilo 80 yaliyotandazwa sawasawa. Hizo ni tani 8, hivyo kila nguzo inapokea tani 4, yaani nyutoni 40,000 hivi. Eneo la bamba ni 800, umbali 105, na ukinzani ni kama milioni 37. Jibu ni nyutoni 90 hivi kwa kila milimita; kila bamba lina mishono miwili, basi kila mmoja hubeba 45.

Mshono wa milimita 5 ulioshika vizuri hubeba zaidi ya 600 kwa kila milimita. Kwa hiyo mshono mwembamba usiokatika unatosha kabisa. Lakini nukta ya milimita 10 kila baada ya milimita 600 inabebeshwa 27,000, na uwezo wake ni 6,000 hivi. Nukta zitaachia moja baada ya nyingine, bamba litabaki pambo, na watu wako chini.

Kabla ya kulipa, kamati iulize:

1. Je, mhandisi amepiga hesabu ya mshono karibu na nguzo?
2. Je, mzigo ulishushwa kabla ya kuchomelea?
3. Je, mshono ni mfululizo hadi mwisho wa bamba? Kwetu pwani, hewa ya chumvi huingia kwenye mapengo na kutu hula chuma.

Gharama ya vijiti vichache vya kuchomelea ni ndogo kuliko ya kujenga upya.