Kunuka, Kuvunda na Kuoza: Istilahi za Harufu Mbaya za Jikoni

Watungaji wa istilahi aghalabu huelekeza macho yao viwandani, maabarani na mahakamani. Jiko huachwa nyuma, kana kwamba mambo yake yanajulikana na kila mtu na hayahitaji kufafanuliwa. Hata hivyo, jikoni ndiko mwananchi anakokata shauri zito kila siku: chakula hiki kiliwe au kitupwe? Katika shauri hilo pua hutangulia macho na ulimi. Basi mwandishi wa kijitabu cha afya, mwalimu wa sayansikimu na mtumishi wa serikali anayetafsiri onyo kwa ajili ya wananchi hawana budi kujua ni neno gani linalotaja harufu ipi. Makala haya yanakusudia kuyapanga maneno hayo, na kuonyesha kwamba uzembe katika kuyatumia waweza kuleta madhara ya kweli.

1. Nuka, nukia na nusa

Kiswahili hakimwachii msemaji nafasi ya kutopendelea upande. Kitu kinachonuka kina harufu mbaya. Kinachonukia kina harufu nzuri. Tofauti yote imebebwa na mnyambuliko wa kitenzi. Kunusa ni kazi ya pua yenyewe, wala hakusemi lolote juu ya ubora wa kinachonuswa. Nomino harufu ndiyo iliyo katikati, nayo yahitaji kivumishi: harufu nzuri, harufu mbaya, harufu kali. Uvundo ni harufu mbaya iliyozidi.

Lugha nyingine, Kiingereza kikiwamo, zina kitenzi kimoja kinachotumika kwa pande zote mbili. Mfasiri anayekutana nacho na kuandika “kunuka” kila mara huwa ametia hukumu ambayo haikuwamo katika maandishi ya awali. Gesi ambayo matini ya asili yasema tu kwamba ina harufu, kwake huwa inanuka. Panapotakiwa maelezo yasiyo na hukumu, yafaa kuandika “kuwa na harufu” au “kutoa harufu”.

Jambo jingine la kuangaliwa ni jozi ya vumba na uvumba. Vumba ni harufu mbaya ya samaki. Uvumba ni ubani unaofukizwa. Herufi moja ikianguka kiwandani kwa mpiga chapa, manukato ya ibada hugeuka kuwa harufu ya dagaa.

2. Maneno ya chakula kilichoharibika

Lugha yetu ina maneno mahususi ambayo waandishi wengi huyaacha wakashikilia “kuoza” peke yake. Tuyataje yale yaliyo muhimu.

Viza. Yai lililokaa likaharibika huitwa yai viza. Harufu yake hutokana na gesi ya haidrojeni salfaidi, inayotoka wakati protini zenye salfa zinapovunjika. Hakuna haja ya kuandika “yai lililooza” wakati neno moja fupi lipo.

Chacha. Wali, mchuzi na hasa chakula cha nazi kikilala katika joto huchacha: hupata harufu na ladha ya ukali kwa sababu bakteria wametengeneza asidi ndani yake. Neno hili lisichanganywe na kuganda. Maziwa ya mtindi yamegandishwa kwa makusudi, nayo ni chakula kizuri. Maziwa yaliyochacha yameharibika. Mfugaji wa Serengeti anayeambiwa asinywe “maziwa machachu” ana haki ya kuuliza ni yapi yanayokusudiwa.

Vumba na shombo. Maneno haya mawili hutumika kwa harufu ya samaki, na mara nyingi kwa maana moja. Samaki wa baharini wana katika nyama yao dutu ambayo bakteria huigeuza kuwa trimethilamini, na hiyo ndiyo vumba tunayoinusa. Dutu hiyo huelekea kutulizwa na asidi. Ndiyo maana mpishi wa pwani humwosha samaki kwa ndimu au kumpika kwa ukwaju, hata kama hakuwahi kusikia habari za trimethilamini. Samaki wa maji baridi wana tatizo jingine: kambare au kamongo aweza kuwa na harufu ya matope hata akiwa ametoka majini saa hiyo hiyo. Harufu hiyo husababishwa na jiosmini, dutu inayotengenezwa na vijidudu vya majini na vya udongoni. Samaki mwenye harufu ya matope hakuharibika. Mwenye vumba kali huenda ameharibika. Wanunuzi wa masoko ya Tarime na Mugumu, wanaoletewa samaki kutoka Ziwa Viktoria, wanaijua tofauti hii. Vitabu vyetu navyo viiandike.

Ungua. Chakula kilichoshika chini ya chungu huwa na harufu ya kuungua, na kilichopikwa kwa kuni mbichi huwa na harufu ya moshi. Hizi ni kasoro za upishi, wala si dalili za kuharibika.

3. Harufu mbaya iliyo dalili njema

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tushike kalamu. Tuseme mfasiri ameandika katika tangazo la afya: “Usile chakula chochote kinachonuka.” Sentensi ni fupi, na sarufi yake haina dosari. Tuipeleke katika kata ya Turwa, mjini Tarime, mkoani Mara, ambako ugali wa muhogo uliochanganywa na mtama au ulezi ni chakula cha kawaida.

Muhogo mchungu una linamarini. Seli za muhogo zinapovunjika, kimeng’enya kilichomo humohumo huigusa linamarini na kuivunja, na hatimaye hutoka sianidi, ambayo ni sumu. Sianidi hiyo ikiwa katika hali ya haidrojeni sianidi huchemka kwenye joto la nyuzi 26 hivi za Selsiasi, kwa hiyo hupotea hewani kwa urahisi, mradi seli ziwe zimevunjika kwanza. Kazi ya kuzivunja hufanywa na siku kadhaa za kuroweka muhogo majini, au kuumenya, kuulundika na kuufunika mpaka uwe laini na kuota ukungu. Kisha ukungu hukwanguliwa, muhogo huanikwa na kutwangwa. Katika siku hizo nyumba nzima hunuka. Si harufu ya sumu inayotoka. Ni harufu ya asidi zinazotengenezwa na bakteria na kuvu walio kazini. Lakini ni ishara kwamba kazi inaendelea.

Akilisoma tangazo lile, mama wa nyumbani atakuwa na njia mbili. Ama atautupa muhogo wake, au atauanika mapema kabla haujaanza kunuka. Njia ya pili ndiyo ya hatari. Muhogo mchungu ulioanikwa ukiwa mzima, bila ya kurowekwa wala kulundikwa, hubaki na sehemu kubwa ya linamarini yake, na unga wake huwa mweupe, mzuri, usio na harufu yoyote.

Hayo si mambo ya kubuni. Mwaka 1985, baada ya ukame, wilaya ya Tarime ya wakati ule, ambayo ilichukua pia eneo lililokuja kuwa wilaya ya Rorya mwaka 2007, ilipatwa na mlipuko wa ugonjwa wa konzo. Ukame ulikuwa umeangamiza mazao mengine na kuuacha muhogo mchungu, ambao huvumilia jua na ambao sumu yake huongezeka wakati wa kiangazi. Njaa nayo haingoji siku nne: watu walifupisha matayarisho. Konzo humpata mtu ghafla, humkaza miguu yote miwili, na ulemavu wake haumwachi tena. Huwapata zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa, hasa wale ambao mlo wao una upungufu wa protini.

Neno konzo lenyewe lafaa kukumbukwa na wanaistilahi. Latoka katika lugha ya Kiyaka ya Kongo, na lataja miguu iliyofungwa. Daktari Trolli aliueleza ugonjwa huo mwaka 1938, na jina la wenyeji likabaki kuwa istilahi ya tiba duniani kote. Neno la kijijini liliposadifu kueleza jambo barabara, wataalamu hawakutafuta jingine.

4. Harufu inayotiwa, na hatari isiyonuka

Mfano wa pili wa harufu mbaya yenye manufaa ni gesi ya kupikia. Gesi ya mitungi kwa asili yake haina harufu inayotambulika. Viwandani hutiwa kiasi kidogo cha dutu yenye salfa inayonuka vibaya, ili mvujo wowote ujulikane kwa pua kabla ya kuwaka. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, umekusudia kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo. Maana yake ni kwamba mamilioni ya watu watasoma maonyo juu ya harufu hii kwa mara ya kwanza, nao watayasoma kwa Kiswahili.

Kwa upande mwingine, ipo hatari isiyonuka kabisa. Sumukuvu hutengenezwa na kuvu katika mahindi na karanga zilizohifadhiwa vibaya. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Uvundo wa ghala waweza kumtahadharisha mtu, lakini sumukuvu yenyewe haina harufu. Neno sumukuvu, lililoundwa kwa kuunganisha sumu na kuvu, ni mfano mzuri wa istilahi inayomwambia msomaji asili ya hatari ambayo pua yake haiwezi kumwambia.

5. Mapendekezo

Kutokana na hayo, twapendekeza matumizi yafuatayo kwa wafasiri na walimu.

(a) Kuoza kutumike kwa chakula kilichoharibika kisifae kuliwa. Panapokuwapo neno mahususi, kama viza au kuchacha, hilo litangulie.

(b) Kuvundika kutumike kwa tendo la makusudi la kulundika na kufunika muhogo. Wananchi tayari husema kuvundika ndizi, yaani kuzifunika ili ziive. Kitenzi hiki kimetokana na kuvunda, kwa hiyo chabeba harufu na makusudi kwa pamoja. Muhogo uliovundikwa hautachanganywa na muhogo uliooza.

(c) Kuchachusha na uchachushaji yabaki kuwa majina ya jumla ya kisayansi, yanayokusanya mtindi, pombe, hamira na muhogo uliovundikwa.

(d) Vumba litumike kwa harufu ya samaki anayeharibika, na harufu ya matope kwa samaki wa maji baridi aliye mzima.

(e) Gesi iliyotiwa harufu ielezwe hivyo, wala isiandikwe kwamba “gesi inanuka” kana kwamba ni kasoro yake.

(f) Onyo lolote la chakula litaje chakula chenyewe na dalili yake. Badala ya “Usile kinachonuka”, iandikwe: “Usile samaki mwenye vumba kali”, na mahali pake: “Muhogo mchungu uvundikwe au urowekwe siku zote zinazotakiwa, hata kama unanuka, kisha uanikwe mpaka ukauke.”

Ni kweli kwamba pua haitoshi. Unga wa muhogo hupimwa, na kiwango cha kimataifa cha Codex hakiruhusu zaidi ya miligramu 10 za sianidi katika kilo moja. Lakini jikoni Turwa, kama jikoni kwingi, hakuna kipimo hicho. Kuna pua, kuna mazoea ya wazee, na kuna karatasi ya maelezo iliyoandikwa na mmoja wetu. Maneno ya karatasi hiyo yasiipinge pua pale ambapo pua inasema kweli.