Marejeo mawili, kitabu kimoja

Orodha ya marejeo ilikuwa safi. Majina yamepangwa kialfabeti, mwaka uko kwenye mabano, nukta ziko mahali pake. Mwishoni kabisa, kwenye Y, walikaa Young na Fosbrooke mara mbili: 1960a, Land and Politics among the Luguru of Tanganyika, London; na 1960b, Smoke in the Hills, Evanston, Marekani. Hata zile a na b hazikukosewa. Na ndani ya ripoti mwanafunzi kaandika kwa kujiamini kwamba "tafiti mbalimbali zinakubaliana" kuhusu chanzo cha ghasia za Uluguru za 1955.

Lazima zikubaliane. Ni kitabu kimoja, kilichotolewa na wachapishaji wawili kwa majina mawili, Uingereza na Marekani, mwaka uleule.

Aliyenionyesha ni mkutubi anayefundisha wanafunzi wa vyuo hapa Morogoro namna ya kutafuta na kupima vyanzo. Hataki jina lake gazetini, maana aliyeandika ripoti bado yuko darasani. "Huyu si mvivu," akanitahadharisha mapema. "Mvivu angedesa. Huyu kafuata kila kitu tulichomfundisha, na hapo ndipo ninapokosa usingizi."

Tangu hapo ripoti ile imekuwa somo. Mkutubi huwaandikia wanafunzi ubaoni marejeo yale mawili, bila kusema neno, kisha huuliza: mashahidi wangapi? Darasa zima hujibu wawili. Huwagawia kurasa za yaliyomo, moja ya London, nyingine ya Evanston, wasome kwa sauti, sura kwa sura, kundi hili na lile. Kicheko huanzia nyuma.

Swali la pili huwa gumu zaidi: shahidi huyo mmoja ni nani? Roland Young alikuwa mwanazuoni wa siasa kutoka Marekani. Henry Fosbrooke alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, mtaalamu wake wa mambo ya jamii, ambaye baadaye alikuwa mhifadhi wa Ngorongoro. Na ghasia zenyewe, kama Mluguru yeyote anavyojua, zilitokana na mpango wa serikali hiyohiyo wa kuwalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi milimani. "Simwambii mwanafunzi amtupe Fosbrooke," anasema mkutubi. "Aliona mengi. Namwambia tu aulize mshahara wake ulitoka wapi, halafu ndiyo amnukuu."

Kuna pia ugonjwa mpya, akili mnemba, inayobuni marejeo: mwandishi wa kweli, jarida la kweli, makala ambayo haijawahi kuandikwa. Huo haumtishi sana. Ukiitafuta makala huipati, kesi imekwisha. Young na Fosbrooke ukiwatafuta unawapata, tena wote wawili.

Mimi lawama nazipeleka kwa wanaosahihisha. Mwalimu akidai marejeo yasiyopungua ishirini, ataletewa ishirini. Nani atayafungua? Mkutubi alicheka, hakunijibu.

Kilichomkwamisha yeye ni swali la msichana mmoja wa Matombo, kulekule ghasia zilikotokea. "Madamu, bibi yangu alikuwepo. Namwandikaje?" Kwa mtindo wa APA unaotumiwa na vyuo vingi, mazungumzo ya namna hiyo hutajwa ndani ya maandishi tu, kwenye orodha ya mwisho hayaingii, kwa kuwa msomaji hawezi kuyapata. Kwa hiyo mtumishi wa serikali ameingia mara mbili, na bibi aliyewaona wazazi wake wakichimba matuta hayumo.

Mkutubi alimshauri airekodi sauti, aandike jina, kijiji na tarehe, na rekodi ihifadhiwe pahali ambapo msomaji mwingine ataipata. Hapo ingekuwa chanzo kama vingine. Msichana akapanda Matombo, akarudi na masimulizi ya saa nzima na sharti moja: bibi hataki jina lake liandikwe popote. Mambo ya serikali, kasema, hayazeeki.

Aandike nini, "mwanamke, mkazi wa Matombo"? Msimamizi atakubali shahidi asiye na jina? Na asipokubali, ghasia zile zitasimuliwa na nani?