Intaneti Isiyo na Waya Inapokwenda Polepole: Jinsi ya Kutafuta Chanzo katika Kompyuta Yenye Linux

Watu wengi, intaneti yao inapokwenda polepole, hufanya moja kati ya mambo mawili: hununua kifurushi kikubwa zaidi, au huilaumu kompyuta. Katika shule za sekondari, ambako aghalabu kompyuta ni chache na nyingine ni kuukuu, kosa hili lina gharama. Shule yaweza kulipia huduma ya kasi kubwa kwa mwaka mzima, kumbe kizuizi ni ukuta mmoja wa matofali. Au yaweza kuiweka kando kompyuta mpakato nzima ilhali kasoro yake ingeondolewa kwa amri moja. Makala hii inakusudia kuonyesha jinsi mwalimu na wanafunzi wake wanavyoweza kutafuta chanzo cha uzito huo kwa njia ya kisayansi, yaani kupima kwanza na kutengeneza baadaye.

Mifano yetu ni ya kompyuta mpakato inayoendeshwa na Linux. Mfumo huu ulianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini. Linux hupatikana bila malipo, na iko ya aina zinazoweza kufanya kazi katika mashine za zamani. Lakini sifa inayotuhusu hapa ni nyingine: Linux humwezesha mtumiaji kuona karibu kila jambo linalotendeka ndani ya mashine yake.

Safari yenye hatua nne

Tuseme mwanafunzi yuko darasani mjini Iringa, naye anafungua ukurasa uliohifadhiwa Ulaya. Ombi lake husafiri kwa hatua nne. Kwanza, hutoka kwenye kompyuta kwa mawimbi ya redio hadi kwenye ruta ya shule. Pili, hungoja zamu yake ndani ya ruta pamoja na maombi ya watumiaji wengine. Tatu, hutoka kwenye ruta hadi kwa kampuni inayotoa huduma, na kutoka hapo hufuata nyaya za nchi kavu, kama vile Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unaopita Iringa na Mbeya, hadi pwani. Nne, huvuka bahari. Jibu nalo hurudi kwa safari ya namna hiyo. Hatua moja tu ikiwa nzito, safari yote huwa nzito. Kwa hiyo swali la kwanza si "Nibadilishe nini?" bali ni "Hatua ipi ndiyo nzito?"

Kipimo cha kwanza

Fungua dirisha la amri, kisha andika:

ip route

Katika mstari unaoanza na neno "default" utaona anwani ya ruta, mathalani 192.168.1.1. Sasa andika:

ping -c 20 192.168.1.1

Kompyuta itapeleka pakiti ndogo 20 kwa ruta na kupima muda wa kila moja kwenda na kurudi. Ruta ikiwa karibu na hali ikiwa njema, muda huo huwa milisekunde chache tu, na hakuna pakiti inayopotea. Ukiona namba zinazorukaruka kutoka 3 hadi 200, au pakiti zinazopotea, kasoro imo ndani ya shule yenu, katika hatua ya kwanza au ya pili. Kuongeza kifurushi hakutasaidia hata kidogo. Kama una waya wa mtandao, unganisha kompyuta na ruta kwa waya huo, kisha rudia kipimo. Uzito ukitoweka, chanzo ni mawimbi ya redio au kadi inayoyapokea.

Ukuta, bati na maji

Wi-Fi hutumia hasa masafa ya gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Urefu wa wimbi hupatikana kwa kugawanya kasi ya mwanga kwa masafa. Hivyo wimbi la gigahezi 2.4 lina urefu wa sentimita 12.5, na la gigahezi 5 lina urefu wa sentimita 6. Mawimbi haya hupungua nguvu yanapopita katika matofali, na hupungua zaidi matofali yakiwa yamelowa, kwa kuwa maji huyafyonza. Bati na wavu wa chuma dirishani huyarudisha nyuma. Masafa ya gigahezi 5 huweza kubeba habari nyingi zaidi, lakini hupenya kuta kwa shida zaidi.

Ili kujua nguvu ya mawimbi yanayokufikia, andika "iw dev" upate jina la kadi yako. Mara nyingi ni wlan0 au wlp2s0. Kisha andika:

iw dev wlan0 link

Katika majibu tafuta neno "signal". Nguvu hiyo hupimwa kwa dBm na huandikwa kwa namba hasi. Namba -50 ni nguvu nzuri sana. -70 bado inatumika. -80 ni dhaifu mno. Wanafunzi wakumbuke kwamba kipimo hiki ni cha logi: kila desibeli 10 ni mara kumi. Kwa hiyo, kushuka kutoka -50 hadi -70 ni kupungua mara 100. Pengine tiba ni kuitoa ruta ndani ya kabati la chuma na kuipachika mahali pa juu, karibu na katikati ya eneo linalotumika.

Huenda pia majirani wakawa wanatumia chaneli moja nawe. Amri "nmcli device wifi list" huonyesha kila mtandao uliopo karibu na chaneli yake. Katika gigahezi 2.4 chaneli zimekaribiana mno, hivyo zinaingiliana. Chaneli 1, 6 na 11 ndizo zinazoweza kutumika pamoja bila kusumbuana. Chagua iliyo na watu wachache.

Kadi inayosinzia

Pengine mawimbi ni ya nguvu, na kompyuta nyingine zinafanya kazi vizuri mahali palepale, lakini hii moja ni nzito. Hapo chunguza kadi yenyewe. Ili kuhifadhi betri, kadi ya Wi-Fi huweza kulala kwa vipindi vifupi. Ikilala, ruta huitunzia pakiti zake. Ikiamka, husikiliza tangazo la ruta, ambalo kwa kawaida hutolewa takriban mara kumi kwa sekunde. Baadhi ya kadi hazifanyi kazi hii vizuri, na pakiti hungoja bila sababu. Uliza hali yake kwa amri "iw dev wlan0 get power_save". Ikijibu "on", izime kwa muda:

sudo iw dev wlan0 set power_save off

Rudia "ping" ileile ya mwanzo na ulinganishe. Ikiwa muda umetulia, umepata chanzo. Fahamu, hata hivyo, kwamba betri itakwisha mapema zaidi, jambo la kuangaliwa pale umeme unapokatika mara kwa mara. Ikiwa muda haukubadilika, irudishe kadi katika hali yake ya awali, kisha andika "sudo dmesg | grep -i firmware" uone kama mashine inalalamika kwamba haikupata programu ndogo ya kuendeshea kadi hiyo.

Foleni ya bombani

Katika Wi-Fi, wote wanaotumia chaneli moja hupokezana hewa ileile. Ni kama foleni ya maji: anayekinga kwa dumu lenye mdomo mwembamba huchelewesha hata wenye ndoo pana. Kompyuta iliyo mbali, yenye mawimbi dhaifu, hupeleka habari zake polepole, na muda wote huo wengine hungoja. Kumsogeza mtumiaji mmoja wa mbali kwaweza kuwanufaisha wote. Angalia pia kama kuna kompyuta zinazopakua masahihisho ya programu wakati wa kipindi. Kazi hiyo ifanyike jioni.

Nje ya lango la shule

Ikiwa "ping" ya ruta ni njema, basi pima mahali pa mbali. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Waya wa kilomita 12,000 wahitaji milisekunde 120 kwenda na kurudi. Kwa hiyo milisekunde 150 kufika Ulaya si kasoro, ni fizikia. Kabla ya waya wa SEACOM kufika Dar es Salaam mwaka 2009, mawasiliano yetu na nchi za nje yalitegemea sana setilaiti zilizo kilomita 36,000 juu ya dunia, na safari hiyo haikupungua milisekunde 480.

Ziko siku ambazo chanzo hakimo nchini kabisa. Tarehe 12 Mei 2024 intaneti ilizorota Tanzania na katika nchi jirani kadhaa kwa sababu ya hitilafu katika nyaya za EASSy na SEACOM chini ya bahari. Aliyekesha usiku ule akibadilisha mipangilio ya kompyuta yake alijisumbua bure.

Jaribio la darasani

Mwalimu awaweke wanafunzi mita 1, 2, 4 na 8 kutoka kwenye ruta, uwanjani. Waandike namba ya "signal" na wastani wa "ping" kila mahali, kisha warudie wakiwa nyuma ya ukuta. Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka mara mbili nguvu hupungua kwa desibeli zipatazo 6, yaani hubaki robo. Wachore grafu, walinganishe na kanuni, na waeleze tofauti watakazoziona.

Iringa ina mfano wake wa mafunzo ya namna hii. Mwaka 2007 chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Tumaini, ambacho sasa ni Chuo Kikuu cha Iringa, kilianzisha shahada ya teknolojia ya habari kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Joensuu cha Ufini, na mtaala wake ulizingatia mazingira ya hapa nchini. Fundi wa hapa hana budi kuzijua kuta zake, umeme wake na mvua yake.

Shule na iwe na daftari moja karibu na ruta. Kila intaneti inapokuwa nzito, iandikwe tarehe, saa, matokeo ya "ping" mbili, na jambo moja tu lililobadilishwa. Baada ya muhula mmoja, daftari hilo litamwambia mkuu wa shule kama fedha ziende kwenye kifurushi, kwenye ruta ya pili, au kwenye mita kumi za waya.