Kueleza sababu katika Kituruki: çünkü, için, yüzünden na sayesinde

Kituruki kina njia kuu mbili za kuunganisha sababu na tokeo lake. Njia hizi hutofautiana kwa mpangilio wa sentensi, na hapo ndipo wanafunzi wengi hukosea.

1. Çünkü

Neno hili, lenye asili ya Kiajemi, hukaribiana na "kwa sababu". Tokeo hutangulia, sababu hufuata:

*Eve döndüm, çünkü hastaydım.*
Nilirudi nyumbani kwa sababu nilikuwa mgonjwa.

Kiswahili huruhusu kuanza na sababu: "Kwa kuwa nilikuwa mgonjwa, nilirudi nyumbani." Katika Kituruki sanifu, kishazi cha *çünkü* hakitangulii tokeo. Anayetaka kuanza na sababu hutumia njia ya pili.

2. -dik pamoja na için

*Hasta olduğum için eve döndüm.*

Hapa kitenzi *olmak* (kuwa) kimegeuzwa kuwa kama nomino, kikapewa kiambishi cha umilikaji: *olduğum*, yaani "kuwa kwangu". Nafsi hubadilika kwa kiambishi hicho: *olduğun* (kuwa kwako), *olduğu* (kuwa kwake). Irabu nazo hufuata zile za mzizi: *geldiğim, yazdığım, gördüğüm*.

Mfasiri aangalie njeo. Umbo la *-dik* halitofautishi wakati uliopita na uliopo. Kitenzi kikuu ndicho kinachoamua:

*Hasta olduğum için gelmedim.*
Sikuja kwa kuwa nilikuwa mgonjwa.

*Hasta olduğum için gelemiyorum.*
Siwezi kuja kwa kuwa ni mgonjwa.

Kwa hiyo sentensi isomwe hadi mwisho kabla ya kuchagua njeo ya Kiswahili. Sababu ikiwa ya wakati ujao, hutumika *-ecek*: *geleceğim için*, "kwa kuwa nitakuja".

*İçin* ikifuata kitenzi chenye *-mek* au *-mak*, haionyeshi sababu bali kusudi: *Öğrenmek için geldim*, "Nimekuja ili nijifunze".

3. Lawama au shukrani

Baada ya nomino au kiwakilishi, Kituruki huweza kuonyesha pia hukumu ya msemaji. *Yüzünden*, kutokana na *yüz* (uso), hubeba lawama. *Sayesinde*, kutokana na *saye* (kivuli), hubeba shukrani:

*Senin yüzünden geç kaldık.*
Wewe ndiye uliyetuchelewesha.

*Senin sayende yetiştik.*
Tumewahi kwa msaada wako.

"Kwa sababu yako" ingeweza kusimama katika sentensi zote mbili bila kosa la sarufi. Lakini msomaji asingejua kama aliyetajwa analaumiwa au anashukuriwa, ilhali mwandishi wa Kituruki amelisema hilo waziwazi.